Onyesho, mazungumzo, au vyote pamoja? Jinsi ya kuchagua jioni ya densi ya majaribio

Ukifungua ratiba ya ukumbi unaojishughulisha na densi ya majaribio, utaona kwamba maonyesho yenyewe ni sehemu tu ya yaliyomo. Kuna onyesho linalofuatiwa na mazungumzo na mtunzi wa densi. Kuna kazi ambayo bado inatengenezwa, na watu wanaalikwa kuitazama na kutoa maoni. Kuna mhadhara ambao mhadhiri wake ananyamaza katikati ya sentensi na kuanza kucheza. Kuna jopo la wasanii watano wenye vipaza sauti viwili. Kuna densi ya kutwa nzima ndani ya makumbusho, unaingia na kutoka upendavyo. Kuna na warsha ambayo haina viti vya watazamaji, kwa sababu watazamaji hawatarajiwi. Mwenye nafasi ya kwenda jioni moja tu aende wapi?

Nitazilinganisha kwa kigezo kimoja: maneno yanakaa wapi. Huenda hayapo kabisa, huenda yanakuja densi ikiisha, huenda yanaingia wakati kazi bado mbichi, au yako ndani ya densi yenyewe. Naona kigezo hiki kinasaidia kuliko mtindo au umaarufu wa msanii. Katika uwanja huu mtindo haukuambii mengi: kati ya watunzi wawili wanaojiita wa majaribio, mmoja anaweza kusimama kimya kwa dakika arobaini na mwingine akaruka mpaka jasho likawafikia walioketi safu ya mbele. Ila ukijua maneno yamewekwa wapi, unajua utafanya kazi gani ukiwa pale, na utatoka na nini.

Na tusidhani kujadili densi hadharani kumebuniwa na watu wa masoko. Mwaka 1960 mwanamuziki Robert Dunn alianza kufundisha utunzi wa densi katika studio ya mtunzi wa densi Merce Cunningham jijini New York. Wanafunzi walileta vipande vifupi, wakavicheza, kisha vikajadiliwa, na Dunn hakutaka mjadala wa kizuri na kibaya. Alitaka kujua kipande kimetengenezwaje. Ni wanafunzi wa darasa hilo, wakiwemo Yvonne Rainer, Steve Paxton na Deborah Hay, walioonyesha kazi zao tarehe 6 Julai 1962 katika kanisa la Judson Memorial, bila kiingilio, katika usiku uliochukua saa kadhaa. Kundi hilo ndilo lililokuja kuitwa Judson Dance Theater. Shirika la Movement Research, lililoanzishwa jijini humo mwaka 1978, limeendeleza mchanganyiko ule ule: lina mijadala na majopo yanayoanzishwa na wasanii wenyewe, na tangu 1991 limekuwa na jioni za Jumatatu, bila kiingilio, katika kanisa lile lile. Kwa hiyo ukiona ratiba yenye mazungumzo mengi kuliko densi, usidhani ukumbi umeishiwa wachezaji.

Densi bila maneno

Hii ndiyo rahisi kueleza. Unaingia, taa zinafifia, densi inachezwa kwa saa moja hivi bila mapumziko, unapiga makofi, unakwenda zako. Faida yake ni kwamba hakuna anayekuambia uone nini. Hasara yake ni hiyo hiyo.

Chukua Trio A ya Rainer, iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1966. Ni ya dakika tano hivi. Haina kurudia, haina kilele, na macho ya mchezaji hayakutani na ya hadhira hata mara moja. Mwili ukigeukia mbele, kichwa kinaelekea kwingine au macho yanashuka chini. Nguvu inayoonekana katika kuinua mkono inafanana na ile ya kulala sakafuni. Asiyejua lolote anaweza kuitazama mpaka mwisho akadhani mchezaji ana haya, au kwamba anapasha mwili joto na densi yenyewe itafuata. Aliyedokezwa lile jambo la macho anaanza kuuona ugumu: miondoko isiyofanana inafuatana bila pumziko, bila mahali pa kujipanga upya, na kumbukumbu ya mchezaji haina mdundo wala marudio ya kushikilia. Dokezo moja kabla ya kuanza lingetosha. Karatasi ya programu ndiyo inayopaswa kulitoa, ikiwa imeandikwa na mtu anayetaka kueleweka. Nyingi hazikuandikwa na mtu wa namna hiyo.

Chagua densi bila maneno kama umezoea kutazama densi, kama umechoka kuelezwa mambo, au kama hujui lugha inayozungumzwa mahali hapo. Hilo la mwisho nitalirudia, maana wengi hulisahau mpaka wameshanunua tiketi.

Mazungumzo baada ya makofi

Huu ndio mpango unaopatikana kwa wingi, na kwa maoni yangu ndio dhaifu kuliko yote. Onyesho linaisha, wengine wanatoka, viti vitatu vinaletwa mbele, mtunzi anakuja na chupa ya maji, na mwongozaji anauliza, "Wazo hili lilianzia wapi?"

Ugumu uko kwenye saa. Mchezaji bado anahema. Mtunzi anayawaza makosa ya usiku huo, ya taa iliyochelewa na ya mchezaji aliyeteleza. Mtazamaji naye hajapata hata dakika ya kutulia na alichokiona. Katika hali hiyo wa kwanza kushika kipaza sauti huwa ni yule aliyekuja na hotuba tayari, na wa pili huuliza ujumbe wa kazi ni upi. Mtunzi wa densi ya majaribio akiulizwa ujumbe hujibu kwa maneno mapana, yasiyokamatika, na ukumbi mzima unatoka ukiamini kwamba hata yeye hajui alichofanya. Kumbe anajua vizuri sana, ila ameulizwa kitu ambacho hakukitengeneza.

Mazungumzo hayo yanaweza kunoga kwa masharti mawili. Kwanza, mwongozaji awe ameiona kazi zaidi ya mara moja. Pili, maswali yaanzie kwenye kilichoonekana. "Yule mchezaji wa kushoto alikaa chini mara tatu wengine wakiwa wanakimbia. Alikuwa anasubiri nini?" Swali la namna hiyo hupata jibu: labda alikuwa akihesabu, labda akisubiri mwenzake apite mbele yake, labda amepewa ruhusa ya kuamua mwenyewe kila usiku. Kutoka hapo unaielewa mashine nzima ya kazi ile. Ukiona tangazo linasema watakaozungumza ni wachezaji pamoja na mbunifu wa taa au wa sauti, nafasi ya kusikia mambo ya maana inapanda. Watu hao huzungumzia vitu vinavyoshikika.

Kama ukumbi umepanga mazungumzo siku nyingine, tuseme kesho yake asubuhi, nenda bila kusita. Usingizi wa usiku mmoja humsaidia mtazamaji kuliko programu yoyote.

Kazi ambayo haijakamilika

Hapa ndipo ningempeleka mtu mwenye udadisi na subira. Unaalikwa studio au kwenye chumba chenye taa chache, unaonyeshwa dakika kumi na tano au ishirini za kitu ambacho bado kinatafutwa, mara nyingi vipande vya wasanii wawili watatu jioni moja. Mavazi ni ya mazoezi. Muziki unaweza kukatika ghafla, na msanii akasema, "Kuanzia hapa sijui." Kiingilio huwa kidogo au hakipo.

Kinachoamua kama jioni hiyo itafaa ni namna maoni yanavyokusanywa. Utaratibu unaojulikana zaidi ni ule uliobuniwa na mtunzi wa densi wa Marekani Liz Lerman kuanzia mwaka 1990. Una majukumu matatu, yaani msanii, watoa maoni na mwezeshaji, na hatua nne. Kwanza, watazamaji wanasema kilichowagusa, kilichowashangaza au kilichobaki kichwani, bila kutoa hukumu. Pili, msanii mwenyewe anauliza maswali aliyonayo kuhusu kazi yake. Tatu, watazamaji wanauliza maswali yasiyobeba maoni ndani yake. Nne, mwenye maoni anaomba ruhusa kwanza: "Nina maoni kuhusu ile sehemu ya mwisho, ungependa kuyasikia?" Msanii ana haki ya kusema hapana.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda watu, na inafaa kuitazama kwa karibu. Mtu anataka kusema kipande ni kirefu mno. Anajizuia, anauliza, "Kwa nini umekifanya kirefu hivyo?" Mwezeshaji anamsimamisha, kwa sababu neno "hivyo" limeshahukumu. Anajaribu tena: "Ulipokuwa unaamua urefu wa sehemu hii, ulikuwa unafikiria nini?" Msanii anajibu kwamba alitaka mtazamaji achoke kidogo ndipo aanze kuona mabega. Na yule muulizaji, ambaye alichoka kweli na hakuyaona mabega, sasa ana jambo la kweli la kumwambia ikifika hatua ya nne. Mazungumzo ya dakika mbili ya aina hii humfundisha mtazamaji kutazama, na faida hiyo anaondoka nayo hata kama kile kipande hakitakamilika kamwe.

Pasipokuwa na utaratibu, mambo huharibika haraka. Marafiki wa msanii husifu, wapinzani wake hunyamaza, na profesa aliyestaafu hueleza jinsi yeye angekitengeneza. Ndiyo maana ni vyema kuuliza kabla: kuna mwezeshaji? Kama hakuna, nenda kwa ajili ya kutazama, na maoni yako mpe msanii pembeni akiyataka.

Jambo moja la adabu: kazi ya studio hairekodiwi wala kupigwa picha bila idhini. Msanii amekufungulia mlango akiwa hajavaa, kwa namna ya kusema. Video ya sekunde thelathini ikisambaa mtandaoni, kazi itahukumiwa kabla haijazaliwa.

Densi inayozungumza yenyewe

Hii wenyewe huiita onyesho-mhadhara. Maneno hayafuati densi wala kuitangulia, yameingia ndani yake. Kwa mtu anayekuja mara ya kwanza, na hasa anayeogopa kwamba hataelewa, huu ndio uchaguzi wangu. Nitaeleza kwa mifano kwa sababu aina hii haielezeki kwa jumla.

Mwaka 1999 Xavier Le Roy alitengeneza Product of Circumstances. Le Roy alikuwa na shahada ya uzamivu katika baiolojia ya molekuli kabla ya kuingia kwenye densi, na katika kazi hiyo anasimama kama mtafiti kwenye mkutano, na slaidi zake kuhusu seli za saratani ya matiti, akisimulia alivyohama kutoka maabara hadi studio. Kila baada ya muda anatoka penye meza na kucheza kipande, kisha anarudi kusoma. Mtazamaji hapotei hata kidogo, maana anaongozwa na wasifu wa mtu. Ila taratibu anaanza kuona kwamba mwili unaosimama mbele ya slaidi nao umefundishwa jinsi ya kusimama, sawa na ule unaocheza.

Mwaka 2004 mtunzi wa densi Mfaransa Jérôme Bel alimweka Véronique Doisneau peke yake kwenye jukwaa la Opera ya Paris. Doisneau alikuwa mcheza baleti wa kundi la nyuma, akiwa na miaka 42 na anakaribia kustaafu. Anaingia na nguo za mazoezi, kipaza sauti kikiwa kichwani. Anataja umri wake, watoto wake na mshahara wake, na anasema hakuwahi kuwa nyota. Kisha anacheza sehemu yake katika Swan Lake, ile ambayo kwa kawaida huchezwa na wanawake wengi kwa pamoja nyuma ya nyota. Bila wenzake na bila nyota, unachokiona ni mwanamke mmoja aliyesimama tuli, mikono imekunjwa, muziki mkubwa ukipita juu yake, dakika baada ya dakika. Anabadilisha mguu, anaganda tena. Watu ambao wameiona baleti hiyo mara kumi wanagundua kwamba hawakuwahi kumtazama aliye nyuma. Hakuna jopo lingeweza kueleza hivyo.

Halafu kuna Pichet Klunchun and myself, ambapo Bel na mcheza khon, densi ya jadi ya Thailand ya kuvaa vinyago, Pichet Klunchun, wanakaa kwenye viti wakitazamana na kuulizana. Unafundishwaje? Shujaa anatembeaje, na jitu linatembeaje? Klunchun anainuka na kuonyesha. Ni mahojiano, ni onyesho, ni darasa, na pia ni watu wawili wasiokubaliana kuhusu maana ya kulipa tiketi. Aliye na hamu ya kusikia tamaduni mbili za densi zikihojiana kwa usawa, na wakati mwingine bila usawa, atafute kazi za mpango huu.

Mtunzi wa densi wa Marekani Trisha Brown alikwenda mbali zaidi. Accumulation yake ya 1971 inaanza na kitu kidogo kabisa: ngumi zilizokunjwa, vidole gumba vimenyooka, mikono inazungushwa. Inarudiwa, unaongezwa mwondoko mmoja, vinarudiwa vyote viwili, unaongezwa wa tatu, na kuendelea. Baadaye alianza kuongea huku akiicheza. Kufikia 1979 alikuwa akichanganya densi mbili na hadithi mbili kwa wakati mmoja, akiruka kutoka hii hadi ile bila kusimama. Hadithi hazielezi densi. Unachotazama ni ubongo ukifanya kazi mbele yako, na ukijaribu kuzungusha vidole gumba huku ukisimulia ulivyoamka leo utaelewa ugumu wake kabla hujamaliza sentensi ya pili.

Faustin Linyekula wa Kongo, aliyeanzisha Studios Kabako mwaka 2001 mjini Kinshasa na baadaye kuzihamishia Kisangani, yuko katika ukoo huu pia, ingawa kwake maneno yanatokea upande wa msimulizi. Katika Le Cargo ya 2011 anaongea na kucheza peke yake, akirudi Obilo, kijiji cha utoto wake, kuzitafuta ngoma alizokuwa akizikumbuka. Linganisha na Le Roy: mmoja anatumia mhadhara kama umbo, mwingine anatumia simulizi. Ukipenda hoja nenda kwa wa kwanza, ukipenda sauti ya mtu anayekumbuka nenda kwa wa pili.

Udhaifu wa aina hii ni kwamba inategemea lugha kwa kila kitu. Udhaifu wa pili ni kwamba imeigwa sana. Kuna wasanii wanaosimama mbele ya kompyuta wakisoma nadharia kwa sauti bapa, wanyanyue mkono mara mbili, na kuiita kazi. Kipimo changu ni rahisi: ukiondoa maneno, kuna kitu kilichobaki kwa mwili? Ukiondoa mwili, je, maandishi yangetosha kutumwa kwa barua pepe? Kama jibu la swali la pili ni ndiyo, wangeyatuma.

Jopo

Hapa hakuna haja ya maneno mengi. Kwenye jopo unajifunza ulimwengu unaoizunguka densi: nani analipwa, densi ni mali ya nani mtunzi akifa, kugusana kazini kunaruhusiwaje, kumbukumbu za kazi zinatunzwa na nani. Kwa mcheza densi, mwanafunzi au mwandishi ni jioni yenye faida. Kwa anayetaka kuona densi ni jioni ya kukaa kwenye kiti. Majopo mazuri yana angalau mtu mmoja anayeinuka na kusema "ngoja niwaonyeshe". Yanayozidi wazungumzaji wanne huwa hayafiki kwenye maswali.

Makumbusho, kwa muda wa saa tisa

Mwaka 2015 mtunzi wa densi wa Ubelgiji Anne Teresa De Keersmaeker aliichukua Vortex Temporum, kazi yake ya jukwaani ya saa moja hivi, akaitandaza ikawa mzunguko wa saa tisa katika kituo cha sanaa cha Wiels mjini Brussels, ikachezwa saa za kawaida za kufungua kwa muda wa wiki tisa. Iliitwa Work/Travail/Arbeid. Kila saa iliunganisha wachezaji na wanamuziki kwa namna nyingine, na hakukuwa na safu za viti. Mchezaji akija mbio kwenye mduara kuelekea uliposimama, ni wewe unayepaswa kuhama.

Uhuru wa kuingia na kutoka ni mzuri kwa mwenye watoto wadogo, kwa asiyeweza kukaa muda mrefu, na kwa anayetaka kutazama kisigino cha mchezaji kwa karibu bila kuona haya. Lakini uhuru huo ndio unaowafanya wengi wakae dakika nne, wapige picha na kuondoka. Ukichagua aina hii, jipangie saa moja isiyopungua mahali pamoja. Dakika ishirini za kwanza mara nyingi huonekana kama watu wanaotembea.

Mtunzi wa densi Mfaransa Boris Charmatz alipata njia ya kurudisha maneno humo humo. Katika 20 Dancers for the XX Century, wachezaji wanatawanyika ndani ya jengo, maktaba au makumbusho, kila mmoja akicheza vipande vya karne ya ishirini anavyovijua na kuzungumza na yeyote aliyesimama mbele yake. Unauliza swali, anajibu, anakuonyesha tena ule mkono. Ukinilazimisha kutaja njia moja ambayo mazungumzo na densi vinapeana nafasi bila kubanana, ningetaja hii. Hakuna jukwaa, hakuna anayeshika kipaza sauti, na aibu ya kuuliza swali la kijinga inakwisha kwa sababu wanaokusikia ni watu watatu.

Warsha na jamu

Mwaka 1972, katika Chuo cha Oberlin nchini Marekani, Steve Paxton na kundi la wanaume walionyesha Magnesium: wakijirusha, wakigongana na kuanguka juu ya mikeka, kisha wakamalizia kwa kusimama tuli. Kutokana na majaribio ya mwaka huo ilizaliwa densi ya mguso (contact improvisation), ya kubuni papo hapo huku miili ikigusana na kuegemeana, ambayo leo huchezwa zaidi kwenye jamu, yaani mikutano ya wazi ya kucheza pamoja, kuliko jukwaani. Kule kusimama tuli Paxton alikuita densi ndogo. Simama wima, legeza unachoweza kulegeza, usubiri. Mwili hautulii kamwe: vifundo vya miguu vinarekebisha, mgongo unarekebisha, uzito unahama kutoka kisigino hadi vidole bila wewe kuamuru. Mtu aliyesimama hivyo dakika tano hatatazama tena mchezaji aliyesimama kimya jukwaani na kusema hafanyi kitu.

Hapo ndipo warsha inapoishinda mihadhara yote. Lakini uliza mambo matatu kabla ya kujiandikisha: kuna kugusana na mtu usiyemjua, na unaruhusiwa kukataa? Unaweza kukaa pembeni kutazama? Mwongozaji anasema nini kuhusu majeraha ya zamani? Vua pete, saa na mkanda. Na kama mwongozaji hana jibu la swali la kwanza, tafuta mwingine.

Ukibaki na mbili za kuchagua

Kuna jozi zinazowatatiza watu zaidi. Kati ya jopo na onyesho-mhadhara kuhusu mada ile ile, chagua onyesho-mhadhara, isipokuwa kama lengo lako ni kukutana na watu wa fani hiyo. Kati ya onyesho kamili la mtunzi maarufu na kazi ambayo haijakamilika ya mtunzi usiyemjua, inategemea unachokitafuta. Ukitaka usiku mzuri, nenda kwenye lililokamilika. Ukitaka kujua densi hufikiriwaje, ya pili itakupa zaidi hata ikiwa mbovu, ilimradi mwezeshaji yupo. Kati ya densi bila maneno na densi hiyo hiyo ikiwa na mazungumzo baada yake kwa bei moja, nunua ya mazungumzo lakini kaa karibu na mlango.

Suala la lugha halina mjadala. Usipoielewa vizuri lugha ya mazungumzo, onyesho-mhadhara litakuacha nje kuliko chochote, hata kukiwa na tafsiri ya maandishi ukutani, kwa sababu ukiyasoma humuoni mchezaji. Nenda makumbusho au kwenye densi bila maneno. Asiyesikia aulize mapema kama mkalimani wa lugha ya ishara amesimama ndani ya eneo la kuchezea au pembeni kabisa. Akiwa pembeni, utalazimika kuchagua umtazame nani.

Tangazo lenyewe hukueleza mengi ukilisoma taratibu. "Uonyeshaji wa studio" na "kazi inayoendelea" ni kitu kimoja. "Hadhira inaalikwa" bila kusema inaalikwa kufanya nini ni dalili kwamba utainuliwa kwenye kiti. "Utafiti" maana yake usitarajie mwisho. Muda ukiandikwa, tuseme dakika 55, kazi imekamilika au inakaribia. Usipoandikwa, haijulikani hata kwa mtunzi.

Na kama una jioni mbili badala ya moja, zitenganishe kwa miezi kadhaa. Tazama kazi ikiwa mbichi, andika mambo matatu uliyoyaona kwenye karatasi, kisha urudi itakapoonyeshwa ikiwa kamili, na karatasi yako mfukoni. Kama ile sehemu iliyokuchosha bado ipo, na imeongezwa dakika tatu, hapo una swali la maana la kumuuliza mtunzi, hata kama ni kwenye yale mazungumzo baada ya makofi.